Kifaa kimezuiwa, na nani? Kasoro za lugha katika programu za kuzuia flashi

JUMATATU ya juma lililopita niliingia katika saiba moja hapa Isinya, kando ya barabara kuu iendayo Namanga, nikiwa na flashi mfukoni. Ndani yake mlikuwa na sura mbili za tasnifu ya mwanafunzi wangu wa uzamifu, na nilitaka zichapishwe kwenye karatasi kwa kuwa macho yangu, baada ya miaka sitini na ushei, hayaelewani tena na skrini. Binti anayehudumu pale akaichomeka. Papo hapo kidirisha chekundu kikaruka kwenye pembe ya skrini. Kilisema kwa Kiingereza kwamba kifaa kimezuiwa kwa mujibu wa sera, na kwamba mtumiaji awasiliane na msimamizi wa mfumo.

"Binti yangu, msimamizi wa mfumo hapa ni nani?" nikauliza.

"Hata mimi sijui, Prof. Hii kitu huwa inasumbua tu. Ngoja niizime."

Akabofya mara tatu nne hivi, kidirisha kikatoweka, flashi ikafunguka, nikachapishiwa kurasa zangu 64, nikalipa nikaenda zangu. Jioni nilipoichomeka flashi ileile kwenye kipakatalishi changu nyumbani, nilikuta kila folda imetoweka na mahali pake pamekaa ikoni ndogo yenye mshale. Wengi wenu mnaijua balaa hii. Mafundi wetu huiita "virusi vya shotikati". Aghalabu virusi vya aina hii havifuti kitu. Huficha folda, vikaweka mshale mlangoni, vikamngoja mwenye mali aubofye kwa mkono wake mwenyewe ili vihamie kwenye kompyuta yake. Sikubofya. Nilimpigia fundi mmoja wa Kitengela, akanielekeza kwa simu hadi saa sita usiku, na tasnifu ikapatikana.

Simlaumu binti yule. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo, maana mteja alikuwa amesimama mbele yake na noti mkononi, na kompyuta ilikuwa imemwambia jambo lisilo na kichwa wala miguu. Kwenye mashine zilezile hupita vitambulisho vya watu, PIN za KRA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na fomu za mikopo ya masomo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu aweke hatua za kiufundi na za kiutaratibu za kuzilinda. Mwenye saiba alikuwa ameweka hatua hiyo: alinunua programu ya kudhibiti vifaa vya USB. Programu ilifanya kazi yake barabara kwa muda wa sekunde mbili, kisha ikashindwa katika sentensi moja. Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka tuihakiki leo.

Tuanze na kitenzi. "Kifaa kimezuiwa." Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji amfiche mtenda, na ndiyo maana inapendwa sana na wanasiasa: fedha zimepotea, makosa yametendeka. Hapa msomaji hajui ni nani aliyezuia. Je, ni kompyuta? Ni mwenye saiba? Ni serikali? Kidirisha kinajibu kwamba ni "sera". Lakini kwa Mkenya wa kawaida sera ni jambo la wizara na manifesto za vyama, halikai ndani ya kompyuta moja yenye kibodi iliyofutika herufi. Kisha huja lile agizo la kuwasiliana na msimamizi wa mfumo. Katika benki au wizara yuko afisa wa teknolojia mwenye jina na ofisi. Katika saiba ya Isinya anayejua nywila na kuwa na mamlaka ya kuzima programu ni binti yuleyule aliyeketi mbele ya skrini. Onyo lilikuwa likimwambia awasiliane na yeye mwenyewe, na kwa namna fulani ndivyo alivyofanya.

Kabla sijaendelea, huenda msomaji anajiuliza kwa nini flashi, kitu kidogo kuliko kidole, ihitaji askari. Mwaka 2008 kirusi kilichopewa jina la Agent.btz kiliingia katika mitandao ya jeshi la Marekani kupitia flashi iliyochomekwa kwenye kipakatalishi kimoja katika kambi ya Mashariki ya Kati. Novemba ya mwaka huo Pentagon ikapiga marufuku matumizi ya flashi. Mwaka 2010 ikagunduliwa Stuxnet, programu iliyoharibu mashinepewa za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Iliweza kusafiri ndani ya flashi, na hiyo ndiyo njia ya kuifikia mitambo isiyounganishwa na intaneti. Nikitoka nje ya lango langu jioni naiona minara ya umeme wa kilovolti 400 inayotoka kituo cha Isinya kuelekea Tanzania, na hunijia fikira kwamba zama hizi si lazima adui wa mtambo kama ule apande juu ya nguzo.

La kutisha zaidi lilikuja 2014, pale Karsten Nohl na Jakob Lell walipoonyesha kwamba programu ndogo iliyomo ndani ya kifaa cha USB chenyewe yaweza kuandikwa upya. Flashi iliyotendwa hivyo ikichomekwa, haijitambulishi tena kuwa flashi. Inaiambia kompyuta: mimi ni kibodi. Kompyuta, kwa kuwa haina mazoea ya kuishuku kibodi, inaipokea, na "kibodi" hiyo inaanza kuandika amri kwa kasi ambayo hakuna mpigachapa aliyezaliwa na mwanamke angeifikia. Programu ya kusaka virusi ikikagua faili za flashi haioni kitu, kwa sababu ubaya haumo katika faili.

Hapa ndipo suala linapokuwa la lugha hasa. Kila kifaa cha USB, kikichomekwa, hutoa salamu. Hujitaja ukoo wake kwa nambari. Wanaotumia programu iitwayo USBGuard katika mifumo ya Linux huziona nambari hizo waziwazi: flashi ya kawaida hujitaja 08:06:50, na kibodi hujitaja 03:01:01. Tarakimu 08 ni ukoo wa vihifadhi data, 03 ni ukoo wa vitu vinavyoguswa na mkono wa binadamu kama vile kibodi na kipanya. Maana yake ni kwamba kompyuta inajua. Inapoona kipande cha plastiki kilichochomekwa kikisema "03", ina habari nzima ambayo binti wa saiba angeihitaji ili afanye uamuzi wa busara, kwa sababu yeye ana jambo moja ambalo kompyuta haina: macho. Anaona kwamba alichochomeka si kibodi. Kompyuta imesikia, binti ameona, na sentensi ya kuwakutanisha haipo. Badala yake tunapewa nambari kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili maneno ya jumla yasiyotofautisha flashi ya profesa na kifaa cha mwizi.

Si jambo geni katika taaluma ya usalama wa kompyuta. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12 programu ya PGP 5.0 na dakika 90 ili watume barua kwa usimbaji wa siri. Wengi wao walishindwa, na watatu wakaituma siri ileile waliyotakiwa kuificha ikiwa wazi kabisa. Programu haikuwa na hitilafu ya kihesabu. Hitilafu ilikuwa katika maneno na picha zilizomweleza mtumiaji anachokifanya. Robo karne imepita, na bado nasikia wahandisi wakisema kuwa tatizo ni mtumiaji asiyesoma. Kunradhi. Mtumiaji husoma kile kinachomwambia kitu. Mpe ujumbe wa M-Pesa uone kama hatausoma hadi nukta ya mwisho!

Sasa twende kwenye kasoro ninayoiona kubwa kupita zote, nayo ni ya ukanushi. Katika Windows, msimamizi anayetaka kuzuia flashi hufungua orodha ya sera na kukuta kipengele ambacho kwa tafsiri yangu kinasema, "Diski za kuchomoleka: kataza kusoma." Chini yake kuna majibu matatu, ambayo tafsiri nyingi za Kiswahili zingeyaita "haijasanidiwa", "imewezeshwa" na "imelemazwa". Ukitaka flashi isisomwe, unachagua "imewezeshwa", yaani umewezesha kukataza. Ukitaka isomwe, unachagua "imelemazwa", yaani umelemaza kukataza. Mjarabu mtu yeyote mwenye haraka uone atashika lipi. (Sitasema mengi juu ya kulemaza. Katika Kiswahili anayelemazwa ni mtu au kiungo cha mwili, na kila ninapolisoma neno hilo kwenye skrini huniijia picha ya hospitali.)

Mafundi wengine hukwepa orodha hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye rejista ya Windows, mahali panapoitwa USBSTOR, wakabadilisha tarakimu 3 kuwa 4. Tatu ni ruhusa, nne ni marufuku. Hakuna maelezo pale yanayomsaidia mgeni. Isitoshe, marufuku hiyo hugusa ukoo wa vihifadhi tu. Kibodi ya uongo hupita. Simu nyingi za siku hizi, zikiunganishwa kwa njia yao ya kuhamisha picha, nazo hupita. Kwa hiyo karani anaona flashi yake ya kazi imekataliwa huku simu ya mwenzake ikikubaliwa, na mantiki yake inamwambia kwamba kizuizi hiki ni cha kumsumbua yeye. Nani angemlaumu akimtafuta fundi wa kukiondoa?

Rudi kwenye ukanushi. Tukijaribu kuzitafsiri programu hizi kwa Kiswahili neno kwa neno, tutazidisha balaa. Muulize Mswahili, "Huendi sokoni?" Kama haendi atakujibu, "Ndiyo, siendi." Anakubaliana na kauli yako. Mwingereza aliye katika hali hiyohiyo hujibu kwa neno la kukataa, kwa sababu yeye anakubaliana na tendo lenyewe, wala si kauli ya muulizaji. Sasa fikiria kidirisha kinachouliza, "Hutaki kuruhusu kifaa hiki?" na chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Mtumiaji wetu anayetaka kukizuia atabofya Ndiyo kwa maana ya "ndiyo, sitaki". Kama nyuma ya kitufe hicho mhandisi ameweka tendo la kuruhusu kwa kufuata mazoea ya lugha yake, mlango umeshafunguka. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaeleza hili darasani, kisha nawapa vidirisha vitano vya namna hiyo wavijibu kwa haraka, na kicheko huisha.

Tiba yake si ngumu, na Kiswahili kina mali ya kutosha. Vitufe vibebe vitenzi kamili badala ya ndiyo na hapana: "Kifungulie" na "Kiache nje". Tuna kauli ya kutendua ambayo lugha nyingi zingetuonea wivu. Tunachomeka na kuchomoa, tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua. Jozi hizi zinamwambia msikilizaji kwa mzizi mmoja kwamba tendo la pili huliondoa lile la kwanza. "Zuia" halina jozi kama hiyo. Ukizuia inakubidi "uondoe kizuizi", na hapo tayari umeingiza nomino nzito. Kwa nini basi tunakimbilia "zuia" wakati "funga" limekaa mlangoni miaka yote? Mtu aliyefungiwa nje anajua kuna mwenye ufunguo.

Lawama nyingine, na hii ni yetu sisi wanaisimu. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na katika muongo huohuo Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Ulikuwa wakati wa matumaini. Sisi wataalamu tuliutumiaje? Tulibishana kuhusu nomino. Kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Kipanya au puku? Nywila au nenosiri? Flashi au diski mweko? Nimeketi katika mikutano ya namna hiyo kwa siku tatu mfululizo, chai na maandazi, na sikumbuki hata mara moja ambapo mtu alisimama na kuuliza: sentensi ya onyo iweje? Nani awe mtenda? Swali liulizwe kwa yakinishi au kwa ukanushi? Nakumbuka pia tasnifu moja iliyolitafsiri tundu la USB kuwa "bandari", kana kwamba kuna meli itakayotia nanga kando ya kipakatalishi, nami nikatumia nusu saa kulikosoa neno hilo moja bila kugusa sentensi ambamo lilikuwa limekaa. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo hautamfikia binti wa saiba kwa njia ya orodha ya istilahi.

Yapo mapingamizi ninayoyakubali. Programu ikiuliza kila mara, watu huzoea kubofya bila kusoma, kama tunavyobofya masharti marefu ya tovuti. Ni kweli. Ndiyo maana naona waundaji wangekuwa na busara kama wangeacha kuuliza kuhusu kila flashi, na kulihifadhi swali kwa ajili ya pale kifaa kinapojitaja kwa namna isiyolingana na mazoea ya mashine ile. Swali moja kwa mwezi litasomwa. Maswali arobaini kwa siku yatakuwa kelele, hata yakiandikwa kwa Kiswahili cha Shaaban Robert.

Kwa kuwa ni rahisi kukosoa ukiwa nyuma ya meza, Alhamisi nilirudi pale saiba na karatasi niliyokuwa nimeandika sentensi tatu. Ya kwanza: "Flashi hii haijawahi kuchomekwa kwenye kompyuta hii. Imefungiwa nje. Mwenye kompyuta ndiye awezaye kuifungulia." Ya pili: "Kifaa hiki kinasema kwamba ni baobonye. Je, umechomeka baobonye sasa hivi?" Ya tatu: "Simu hii inachajiwa tu. Kompyuta haisomi picha wala faili zake." Nikamwomba binti azisome na kuniambia angefanya nini akizikuta kwenye skrini.

Ya tatu ilimpendeza. Alisema wateja huogopa kuchaji simu pale wakidhani picha zao zitabaki.

Ya kwanza aliisoma mara mbili. "Mwenye kompyuta ni gani sasa, Prof? Mwenye saiba ama mwenye ameketi hapa?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimetoka kuwakosoa watu kwa kumficha mtenda, nami nimemweka mtenda mwenye sura mbili. Akachukua kalamu, akaandika jina la bosi wake na nambari yake ya simu juu ya maneno yangu.

Ya pili ilimshinda mwanzoni. "Baobonye ni nini?" Nikamweleza. Akacheka hadi akaziba mdomo, akasema, "Aah, kibodi!" akalikata neno langu kwa mistari miwili. Miaka mingi nimelifundisha neno hilo. Kisha akasoma tena, uso ukabadilika. "Lakini kwani flashi inaweza kusema ni kibodi?"

Nikamweleza habari ya Nohl na Lell. Nikamweleza pia jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, lililochapishwa 2016, ambapo watafiti waliangusha flashi 297 katika viwanja vya chuo, na angalau asilimia 45 zikachomekwa na kufunguliwa faili na watu waliookota, wengi wao wakisema walitaka tu kumjua mwenyewe wamrudishie.

Akanyamaza kidogo. Akainama chini ya kaunta, akatoa boksi la viatu na kuliweka mbele yangu. Ndani mlikuwa na flashi zilizosahauliwa na wateja, nyingine zina kamba, nyingine zimefungwa kwa selotepu.

"Hizi huwa tunazichomeka asubuhi kabla watu wajae, tuone ni za nani," akasema. "Kwa hiyo?"

Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na moja.